Mradi ukifungwa, mafaili yakae wapi na kwa muda gani?

Ndugu Mhariri, mwakeye.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee jambo ambalo huku Kigoma linatuumiza na sioni watu wanaliandika, mafaili ya miradi. Mkoa wetu tangu wakimbizi wa Burundi walipomiminika 1993 na Wakongo kufika kwa wingi 1996 umepokea mashirika ya kila aina, ya maji, ya afya, ya elimu, ya misitu, ya wanawake na watoto, mengine yamekaa miaka na miaka, mengine yamekaa mwaka na nusu yakafunga virago, na kila moja liliandika. Tumeandika sana jamani. Mi nimefanya kazi masijala kwenye miradi kadhaa Kasulu na Kibondo kwahiyo naongea kitu nilichokishika kwa mikono, boksi faili, rejista, mihtasari ya vikao, mahudhurio yenye alama za dole gumba. Na swali la haya makaratasi yatunzwe mpaka lini huwa linaulizwa wiki ya mwisho kabisa, magari yashaondoka, meza zishapigwa mnada, mlinzi anauliza funguo anamkabidhi nani. Anayejibu huwa ni mhasibu, na jibu lake ni fupi tu, mfadhili anataka miaka mitano.

Hilo jibu ni sahihi kwa mfadhili lakini kwa kijiji halitoshi hata kidogo. Ninachosema mimi ni kwamba muda wa kutunza nyaraka uhesabiwe kwa uhai wa kile mradi ulichoacha, kama ni kisima basi kisima, kama ni jengo basi jengo, kama ni ardhi au maisha ya mtu basi hivyo hivyo, sio kwa kuhesabu kuanzia tarehe ya malipo ya mwisho.

Hiyo miaka mitano inatoka wapi? Inatoka kwenye pesa. Sheria yetu ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka nyaraka zitunzwe angalau miaka 5. Umoja wa Ulaya nao kwa miradi yao mingi wanasema 5 tangu malipo ya mwisho, Wamarekani kanuni zao ni miaka 3 tangu ripoti ya mwisho ya fedha. Sina ugomvi na hayo, odita lazima apate risiti zake. Ila hebu angalia, hizo hesabu zote zinamlinda aliyetoa hela na aliyepokea hela. Mwenye kisima hayumo. Risiti ya dizeli ya gari ikitimiza miaka mitano haina kazi tena, ichomwe, hakuna atakayelia, lakini mchoro wa bomba la maji lililofukiwa ardhini unaanza kuwa na kazi hapo hapo, maana ndo wakati bomba linaanza kuvuja.

Chukua kisima kirefu. Kikichimbwa mchimbaji anaandika ripoti, kina cha shimo, udongo na mwamba wa kila hatua, maji yalikutwa mita ngapi, yanasimama mita ngapi pampu ikiwa imezimwa, yanatoka lita ngapi kwa saa, mabomba yenye matundu yamekaa kuanzia mita ngapi mpaka ngapi. Ni kurasa chache tu, na nyuma yake cheti cha vipimo vya maji. Sasa kijiji kimoja huku Kasulu pampu ya mkono iliyowekwa na mradi ulioisha zamani ilikufa, kamati ikachangisha kaya kwa kaya, wakaona bora wahamie kabisa pampu ya sola, wakaita fundi. Swali la kwanza la fundi, shimo lina mita ngapi na linatoa lita ngapi kwa saa? Wazee wakaangaliana. Mmoja akasema sitini, mwingine akasema hapana ni tisini, mwenyekiti wa kipindi kile alishafariki, mtendaji ni mgeni kahamia juzi tu. Bango la mradi bado limesimama pale, rangi imebabuka, lina jina la mradi, la mfadhili na mwaka, kina cha shimo hakuna.

Tukaliandikia shirika. Likajibu kwa adabu kabisa kwamba kwa mujibu wa sera yao nyaraka za mradi ule ziliteketezwa baada ya muda wake kupita. Basi fundi akafunga jiwe kwenye kamba akalishusha mpaka kamba ikalegea, akaivuta juu, akaitandaza kwenye majani akaipima kwa futi, na hata hapo alichopata ni kina cha leo, inawezekana tope limejaa chini, sio kina cha siku kile kisima kilipochimbwa. Matundu ya mabomba yako wapi hakuna anayejua, na ukining'iniza pampu mbele ya matundu inavuta mchanga, haimalizi muda inakufa. Kujua shimo linatoa lita ngapi inabidi ukodi pampu na jenereta upime upya kwa masaa mengi, na hela ya kufanya hivyo ndo ile ile kina mama walichanga kwa ajili ya paneli. Yaani wananchi wanalipa mara ya pili kwa taarifa ambayo ilishalipiwa, ilishaandikwa vizuri, alafu ikachomwa kwa kufuata sera.

Na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, imeanza 2019, visima vingi vya vijijini imevikuta vishachimbwa na watu wa kila aina. Hata ukienda ofisini ukiwa na nia njema na wao wana nia njema, karatasi ambayo haikuletwa haiwezi kupatikana.

Kwahiyo kwa kitu kama hicho miaka mitano ni nini? Pampu ya mkono ikitunzwa inafanya kazi miaka mingi, shimo lenyewe likijengwa vizuri linapita miongo. Ripoti ya uchimbaji haitakiwi kuchomwa kabisa mpaka siku kisima kinafukiwa, na hata kikifukiwa mimi ningeibakiza, maana atakayekuja kuchimba jirani anataka kujua mwamba ulivyo kule chini.

Ardhi nayo. Zahanati nyingi, matenki, madarasa, ofisi za vijiji vimekaa kwenye eneo ambalo mzee fulani alilitoa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari ukaandikwa, watu wakasaini. Mfadhili akataka uthibitisho kabla ya kutoa hela, mradi ukachukua nakala halisi, kijiji kikabaki na fotokopi, fotokopi ikabaki na mchwa. Miaka inapita, mzee anafariki, watoto wanarudi kutoka mjini wanasema baba hakutoa, aliazimisha. Sheria yetu ya ukomo wa madai inampa mtu miaka 12 kudai ardhi na miaka 6 kwa mambo ya mkataba. Sasa shirika linachoma kwenye wa tano, mgogoro unafumuka kwenye wa tisa, ushahidi upo wapi? Hapo sijaongelea reli ya SGR ya Tabora mpaka Kigoma, kilomita 506, ambayo mkataba wake ulisainiwa 2022. Njia kubwa kama hiyo ikipita, mwenye karatasi ya mpaka ndo anasikilizwa, asiye nayo anabaki kuelezea kwa mdomo kwamba mti ule ndo ulikuwa alama.

Wafanyakazi nitawataja kwa kifupi lakini habari yao inauma. Kuna madereva, walinzi, wahudumu wa afya wa jamii walioajiriwa na mashirika wakiwa vijana kabisa, sasa wanafika umri wa kustaafu, wanaenda kufuatilia mafao wanaona miezi haipo, wanaambiwa leteni mkataba au salari slipu. Shirika lilishafunga. Mtu kaajiriwa na miaka 25 anadai mafao akiwa na 60, hiyo ni miaka 35, hesabu ndo hiyo, faili la mwajiriwa lifuate umri wa mwajiriwa.

Kuna na wale waliopita kwenye kambi za wakimbizi. Mtabila ilifungwa 2012, na waliozaliwa au kusoma pale leo ni watu wazima, wengine wana watoto wao. Mtu wa namna hiyo akihitaji kuonyesha amezaliwa wapi na lini, au alifika darasa la ngapi, rejista ya wodi ya wazazi na rejista ya shule ndo maisha yake. Nyaraka kama hizo kuweka "miaka mitano baada ya mradi" ni kumfutia mtu utoto wake akiwa bado anacheza uwanjani.

Lakini sitaki mtu anielewe vibaya kwamba nasema tutunze kila kitu milele. Hapana, tena hapana kubwa. Kuna nyaraka zinatakiwa kuteketezwa mapema na kwa uangalifu, na ajabu ndo hizo zinazosahaulika stoo. Sokoni Kasulu nilinunua karanga zimefungwa kwa fomu ya mradi wa afya. Nikaikunjua. Safu ya jina, umri, kijiji, tarehe ya kupima, majibu. Majina yamekamilika, matatu matatu, kalamu ya bluu bado inasomeka chini ya chumvi. Nikamuuliza mama muuzaji akasema amenunua karatasi kwa kilo, na hana kosa mama wa watu, yeye anatafuta cha kufungia. Nikamlipa rundo lote lililobaki nikaenda kulichoma mwenyewe. Lakini karanga zilizouzwa kabla yangu zilienda na nini, na zilifunguliwa nyumbani kwa nani?

Kwa hiyo shirika lile lile linaweza kuchoma ripoti ya kisima na kuacha majibu ya vipimo vya watu yanauzwa kwa kilo. Kwasababu hakuna aliyekaa akatenganisha. Imewekwa namba moja kwa mafaili yote, tano, ikifika tano aliyepo anafanya anavyojua. Sasa hivi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na inataka taarifa za mtu zisikae kuliko muda unaohitajika kwa kazi iliyokusudiwa. Orodha za waliopimwa, waliofanyiwa ukatili, watoto waliotenganishwa na wazazi, waliokimbia nani na kwa sababu gani, hizo mwishoni mwa mradi zinatakiwa zikabidhiwe kwa mwenye mamlaka ya kuendelea na huduma, hospitali au ustawi wa jamii, na nakala zote zingine zichanwe na kuchomwa mbele ya mashahidi na waandike hati kwamba zimechomwa. Kwa wakimbizi hilo ni suala la uhai, kuna watu wakijulikana waliko wanatafutwa. Na kama karatasi moja ina vyote viwili, yaani kitu cha kutunza na siri ya mtu, basi unanakili kile cha kutunza bila majina. Sio kazi ngumu, ni kazi ya kukaa chini.

Wanaosema huku kwetu haiwezekani kutunza kumbukumbu muda mrefu nawaomba waangalie Gombe, hifadhi ya sokwe. Ipo hapa hapa mkoani, boti tu kutoka Kigoma mjini. Mtafiti hayati Jane Goodall alianza kuwaandika sokwe pale Julai 1960. Mwaka 1975 wanafunzi wanne walitekwa na waasi waliovuka ziwa, wageni wakaondolewa, na vijana wetu wa huku wakaendelea na kazi ya kufuata sokwe na kuandika, wameandika kwa Kiswahili, siku kwa siku, nani kala nini, nani kazaa, nani kapigana na nani. Zaidi ya miaka 60 sasa. Na faida yake imekuja kuonekana baadae kabisa, mfano 2009 watafiti walipotangaza kwamba sokwe wa Gombe wenye virusi vya SIV, ndugu wa virusi vya UKIMWI, wanaugua na wanakufa mapema, wakati kabla ya hapo iliaminika haviwadhuru. Wasingeweza kulijua hilo bila kuwa na kumbukumbu ya kila sokwe, kazaliwa na nani, kazaa lini, kafa lini. Angekuwepo mtu wa kusema miaka mitano imepita tuchome, hiyo elimu dunia isingeipata. Sokwe anaishi miaka mingi na daftari lake likaachwa liishi nae. Mimi naomba kisima cha Kasulu na mtoto aliyezaliwa Mtabila wapewe heshima hiyo hiyo.

Kinachonifanya niandike sasa ni haya yaliyotokea 2025. Januari Marekani ikasimamisha misaada ya nje, Julai 1 shirika lao la misaada, USAID, likafungwa rasmi. Miradi mingi iliambiwa isimame pale pale, hakuna wiki ya mwisho, hakuna makabidhiano. Machi mwaka huo wafanyakazi wa makao makuu kule Washington waliandikiwa barua pepe kwamba nyaraka zichanwe na zichomwe, ikafika mpaka mahakamani. Huko ni Marekani na wana mahakama zao na wanasheria wao wa kuuliza. Huku kwetu ofisi moja ninayoifahamu iliyotegemea pesa hiyo ilifunga ndani ya siku chache, laptopu zikakusanywa zikapakiwa kwenye maboksi, na kila kitu kilikuwa ndani ya hizo laptopu na kwenye akaunti za intaneti ambazo nywila zake zilikatwa siku ile ile. Ramani za mabomba, orodha za vikundi vya kuweka na kukopa, vipimo vya udongo. Hata miaka mitano haikufika, hazikufika hata siku tano.

Ndo maana kusubiri mwisho wa mradi ni hatari. Uamuzi wa nini kinatunzwa na kwa muda gani ufanyike siku mradi unasainiwa, uwekwe kwenye bajeti kama mafuta ya gari yanavyowekwa, na nakala ziende kijijini na halmashauri kila kitu kinapokamilika, kisima kikikabidhiwa ripoti inakabidhiwa siku hiyo hiyo, sio baada ya miaka mitatu. Serikali yenyewe ina Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, Namba 3 ya 2002, ofisi ya umma haichomi faili kiholela, na kumbukumbu zinazofika Nyaraka za Taifa zinafunguliwa kwa wananchi baada ya miaka 30. Ila hiyo ni kwa ofisi za umma. Mashirika binafsi yanaulizwa zaidi hela, kanuni za 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe Hazina na kwa Msajili wa NGO, vizuri, tunajua pesa imeingia. Namuomba Msajili aongeze na hili la pili, shirika linapofunga mradi lionyeshe limekabidhi kwa nani mafaili ya vitu lilivyoacha. Tukijua shilingi ngapi zilitumika lakini hatujui bomba limepita wapi, bado hatujasaidiwa.

Jambo la flashi na mitandao naliongelea kwa sababu vijana wananiambia mzee skani tu uweke Google Drive. Kuskani ni vizuri, sikatai. Lakini akaunti ni ya nani? Ikiwa ni ya shirika itakufa na shirika, ikiwa ni ya afisa atahama nayo. Flashi inaingia virusi, inapotea kwenye mfuko wa suruali. Kwa zile nyaraka chache za kudumu naomba karatasi iwepo, imechapwa vizuri, kwenye boksi linalofungwa, kabati la chuma, mbali na paa linalovuja na mbali na mchwa, na nakala ya pili iwe jengo tofauti. Na majina ya mafaili yawe ya watu wa kawaida. Nimekuta boksi limeandikwa herufi na namba za mradi, P2 sijui BH-07, aliyejua maana yake kaondoka, kumbe ndani ni kisima cha shuleni. Andikeni jina la kijiji, kitongoji, mwaka, kisima cha shuleni, basi. Na kwa visima kina na lita kwa saa viandikwe pia kwenye zege la jukwaa likiwa bado bichi, kwa msumari tu, ni bure na mchwa hawali zege.

Gharama watu wanaitia chumvi. Nyaraka za kudumu za mradi wa maji wa kijiji kimoja zinaingia boksi faili moja na nafasi inabaki. Kinachojaza stoo ni vocha, logibuku za magari, fomu za posho za semina, na hivyo ndo vinaruhusiwa kuondoka odita akimaliza na miaka ya kodi ikitimia. Ukitenganisha, stoo inapungua.

Kwa wakurugenzi wa halmashauri zetu za Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe, Uvinza na Kigoma, na kwa watendaji wa vijiji, ipo miradi mingine inaisha Juni na wataleta barua ya makabidhiano ya jengo au kisima wakiwa na haraka ya kupiga picha. Msisaini. Waambieni waweke kwanza mezani ripoti ya uchimbaji, michoro, cheti cha vipimo vya maji, muhtasari halisi wa mkutano uliotoa ardhi, na hati ya kuchoma majina ya watu, mzihesabu moja moja mzisaini kupokea, alafu ndo msaini hiyo ya jengo.

Msomaji wako,
Kasulu, Kigoma.